Mbegu za kufunika udongo kabla ya mahindi: mbegu safi, lebo inatia chumvi (nyota 3 na nusu)

Huu mfuko nimeutumia misimu mitatu sasa, kwa hiyo haya sio yale maoni ya mtu kapokea mzigo jana leo kaandika "bidhaa nzuri asanteni". Kwa kifupi mbegu zinaota, zinafunika, magugu yanashika adabu, na mbolea ya kukuzia mahindi nimepunguza kweli. Ila sio kwa kiasi walichoandika kwenye mfuko, sio msimu wa kwanza, na sio kwa kufuata maelekezo yao. Msimu wa kwanza nilimwaga mbolea NYINGI kuliko kawaida yangu, hebu fikiria, mtu umenunua kitu cha kupunguzia mbolea afu unaishia kuongeza. Ndo maana nyota moja na nusu nimeinyofoa na sirudishi mpaka wabadilishe ile lebo.

Kwa ambao hamjawahi kukutana na hii kitu, ni mbegu za mimea unayoipanda sio kwa ajili ya kuvuna, unaipanda ikae shambani kipindi ambacho mahindi hayapo, ifunike udongo, afu unaifyeka na kuilaza au kuilima ndani kabla ya kupanda mahindi. Ikiwa ni jamii ya mikunde, kwenye mizizi yake kuna vinundu vyenye bakteria wanaovuta naitrojeni ya hewani, ambayo ipo bwerere maana hewa yenyewe asilimia 78 ni naitrojeni, ila mmea wenyewe hauwezi kuitumia hivi hivi mpaka hao bakteria waibadilishe. Ikiwa ni jamii ya nyasi, kama uwele au rai (nafaka ya baridi jamii ya ngano) au shayiri, hiyo haivuti kitu hewani, inachofanya ni kukusanya naitrojeni iliyobaki udongoni isioshwe na mvua ikaenda chini kusikofikika. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, shikeni hapo maana ndo nilipoumia.

Sasa lebo. Mbele kuna picha ya hindi limejaa punje hadi ncha, chini yake maandishi makubwa: "Huongeza HADI kilo 200 za naitrojeni kwa hektari. Sahau mbolea ya kukuzia!" Hilo neno "hadi" jamani. Hata mi naweza kukimbia hadi kilomita 40, hata kama nakata pumzi kabla sijafika getini. Mfuko wa yuria, ndo mbolea yangu ya kukuzia, wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23 ndani yake, kwa sababu yuria ni asilimia 46, kwa hiyo kilo 200 ni karibu mifuko 9 ya yuria kwa hektari. Unaniambia mfuko mmoja wa mbegu unaniletea mifuko 9 ya yuria? Nilitakiwa nishtuke palepale, lakini si unajua mtu ukishataka kuamini kitu unakiamini tu.

Nyuma wameandika kilichomo: marejea asilimia 40, fiwi asilimia 40, uwele asilimia 20, kwa uzito. Nikaona safi, mikunde 80, nyasi 20, ndo nachotaka. Yale maneno "kwa uzito" nikayapita kama sijayaona. Ilikuja kunifungua macho baadaye sana, shamba limeshaharibika, nikachukua mbegu zilizobaki nikapima gramu 10 kwenye kimizani kidogo nikazimwaga kwenye sinia nikaanza kutenganisha kwa ncha ya kisu. Fiwi zilikuwa 15, nene, za kahawia zenye ule mstari mweupe pembeni kama nyusi. Marejea zilifika mia na kitu, zile zimejikunja kama figo. Uwele nilipofika 200 nikaacha kuhesabu na bado kulikuwa na kilima kwenye kona ya sinia. Kwa hiyo asilimia 20 ya uzito ni zaidi ya nusu ya mimea itakayoota! Punje ya uwele ni ndogo mno kulinganisha na ya fiwi, gramu 20 za uwele ni jeshi zima. Sidhani kama muuzaji alifanya makusudi, ila mtu anayechanganya mbegu kwa kazi yake ya kila siku anatakiwa alijue hilo.

Basi msimu wa kwanza ulienda hivi. Nikapanda kwa kurusha, nikafukia juujuu, mvua ikanyesha vizuri, baada ya wiki tatu hivi huoni udongo, kijani kitupu, nikawa naita watu waje kuona. Maelekezo yanasema "acha mimea ikomae ili upate majani mengi", nami nikatii. Uwele ukatoka juu, ukatoa masuke, mabua yakakakamaa, fiwi na marejea vikabaki chini vinatafuta mwanga kama watoto kwenye msongamano. Nikafyeka, nikalima ndani, na wiki ileile nikapanda mahindi, nikaweka mbolea ya kupandia kama kawaida na ya kukuzia nikaiacha stoo kwa sababu mfuko umesema sahau.

Mahindi yaliota vizuri tu. Ila kufika usawa wa goti yakaanza kubadilika rangi, kwanza kijani mpauko, afu majani ya chini yakaanza njano kutokea kwenye ncha, njano inashuka katikati ya jani ikifuata ule mshipa mkubwa, inaacha kingo bado za kijani, ukiliangalia jani unaona kabisa herufi V. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, haina mjadala. Ingekuwa michirizi ya njano na kijani kupishana ningewaza magnesiamu, ila V ikianzia kwenye majani ya zamani ni naitrojeni, mmea unavua nguo za chini kuwavisha wadogo wa juu.

Nikapiga simu kwa wauzaji. Kijana aliyepokea akaniambia kwa adabu kabisa, "mzee wangu, udongo wako bado haujaizoea bidhaa, vuta subira". Subira! Mahindi hayana subira, mahindi yana ratiba. Nikatoa yuria yangu stoo, nikaongeza na mfuko mwingine juu, na bado yale mahindi hayakurudi kuwa kama yangekuwa.

Nilichokuja kuelewa baadaye ndo hiki na ningeomba kingekuwa kimeandikwa kwenye mfuko badala ya picha ya hindi. Vijidudu vya udongoni vinavyoozesha mabaki vinahitaji kaboni na naitrojeni, na mlo unaovitosha ni kama sehemu 24 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Ukiwapa mabaki yenye naitrojeni nyingi kuliko hapo, wanakula wanashiba na kinachozidi kinabaki udongoni, mahindi yanachukua. Ukiwapa mabaki makavu yenye kaboni nyingi, wanakula lakini naitrojeni haiwatoshi, kwa hiyo wanaichukua iliyopo kwenye udongo, na hapo wanashindana na mahindi yako na wao ndo wanashinda maana wapo mabilioni. Mfano vechi, ile mikunde ya baridi, ina kama 11 kwa 1, hiyo inaachia haraka. Rai ikiwa bado changa ni kama 26 kwa 1, inavumilika. Rai hiyohiyo ikishakomaa ikawa majani makavu inafika 82 kwa 1. Mabua ya mahindi yenyewe ni kama 57 kwa 1. Uwele wangu uliotoa masuke na mabua kama fimbo sijaupima lakini kuangalia tu unajua uko upande gani. Kwa hiyo nilichofanya msimu wa kwanza ni kuwafukia vijidudu mlo wa mabua, afu nikawapandia mahindi juu yake wiki ileile na mbolea ya kukuzia nikaificha. Ningekuwa hindi ningegeuka njano pia.

Na naitrojeni ile haikupotea, hilo nalo lijulikane, ilikuwa imekopwa tu. Vijidudu vikimaliza kazi vinakufa na vinaiachia, ila inaachiwa kwa muda wao sio kwa muda wako. Ndo maana wanaopanda mahindi baada ya rai iliyokomaa wanashauriwa wafyeke mapema, wasubiri kama wiki mbili, na waweke naitrojeni kidogo wakati wa kupanda kabisa, kilo 30 hadi 50 kwa hektari, mahindi yapate cha kuanzia. Jumla ya mbolea inaweza isibadilike, inabadilika saa ya kuiweka. Sasa uone tofauti ya hilo na "sahau mbolea ya kukuzia".

Nilitaka kuachana nao kabisa, nikasema nyota moja na kwaheri. Kilichonirudisha ni kwamba niliandika malalamiko marefu na picha za yale majani, na safari hii alijibu mtu mwingine, mama mmoja, nadhani ndo mtaalamu wao, akaniambia bila kuzunguka: mchanganyiko ule ni kwa mtu anayetaka kufunika udongo na kuzuia mmomonyoko, wewe unayetafuta naitrojeni ulitakiwa uchukue marejea na fiwi peke yake, tunazo, hatuzitangazi tu. Sasa mama si muzitangaze! Ila nilimheshimu kwa kusema ukweli. Nyota nusu ni yake huyo.

Msimu wa pili basi nikachukua mfuko wa marejea na fiwi bila uwele. Ndani kulikuwa na kile kipakiti cha bakteria cha kuchanganya na mbegu kabla ya kupanda, na hapa pia nina neno. Kipakiti cha kwanza walichonipa kilikuwa kimeandikwa ni cha SOYA. Wakuu, bakteria hawa wana ndoa zao. Wa soya ni wa soya. Wa njegere na vechi ni kundi lingine. Marejea, fiwi, kunde na mukuna wanaelewana na kundi moja lile la kunde. Ukiwapaka marejea bakteria wa soya umepaka matope tu. Niliwarudishia, wakanibadilishia bila maneno mengi, ila nawaza ni wangapi wamepanda na kile kipakiti wakasema "hii teknolojia haifanyi kazi". Na kingine, hao ni viumbe hai, pakiti ikikaa kwenye jua au kwenye buti la gari mchana kutwa umebeba maiti. Angalia tarehe, weka sehemu ya baridi, changanya na mbegu kivulini afu panda siku hiyohiyo.

Kujua kama imeshika huhitaji maabara. Wiki ya sita hivi nilichimba mmea wa marejea kwa jembe taratibu, sio kuung'oa, ukiung'oa vinundu vinabaki chini afu unasema hakuna, nikausuuza kwenye ndoo. Mizizi ilikuwa na vinundu vimejazana karibu na shina, vingine vimeshikana kama punje za tangawizi mbichi. Nikakata kimoja kwa wembe, ndani chekundu kama nyama. Huo wekundu ndo dalili bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe ndani hakijaanza au hakifai, kikiwa cha kijani kimeshachoka. Nilikata kumi, nane vyekundu, nikarudi nyumbani nacheka peke yangu. Yale marejea yaliyokuwa kwenye kona niliyokuwa namwaga samadi, vinundu vichache mno, na hiyo ni kawaida, mikunde ikikuta naitrojeni imeshatengwa mezani haijisumbui kuitafuta hewani. Kwa hiyo usiweke mbolea ya naitrojeni kwenye mikunde ya kufunika eti ikue haraka, unailipia uvivu.

Kukata. Safari hii nilikata marejea yalipoanza tu kutoa maua ya njano, sio yalipojaa. Maelekezo ya "acha ikomae" niliyafunika na gundi ya karatasi kabisa vijana wangu wasiyasome. Mikunde kabla ya maua majani yake yanakuwa na naitrojeni asilimia 3 hadi 4 ya uzito mkavu, ikishachanua inaanza kushuka, na marejea yakikomaa shina linakuwa nyuzi tupu, kuna jamii yake inalimwa kabisa kwa ajili ya kamba, sasa jaribu kuifyeka hiyo na panga butu uone. Ukikata mapema sana nako unapata majani laini lakini machache. Kwa hiyo ni kuvizia, siku kumi hivi za kuvizia, na ndo siku ambazo mtu una mambo mengine mia ya kufanya.

Sasa njoo kwenye hesabu, hapa ndo patamu. Nilitengeneza fremu ya mita moja kwa mita moja kwa vijiti vinne na kamba, nikaitupa sehemu tatu shambani bila kuchagua (mkono unataka kuitupa palipostawi, ukatae), nikakata kila kilichomo ndani ya fremu usawa wa udongo, nikaanika mpaka kikawa kinavunjika, nikapima. Wastani ulitoka gramu 400 kavu kwa mita moja ya mraba. Hiyo ni tani 4 kwa hektari. Nikachukua asilimia 3 kwa sababu maua yalishaanza, inakuja kilo 120 za naitrojeni kwa hektari. Oya, kilo 120! Hapo ndo wengi wanaishia, wanafunga daftari wanafuta mbolea yote. Subiri. Hizo 120 zipo kwenye majani, hazipo kwenye hindi. Ukiyafukia udongoni, kwa msimu huo mmoja hesabu kama nusu ndo itakayofika kwa mahindi, nyingine inaingia kwenye mboji ya udongo inatoka kidogokidogo misimu ya mbele, nyingine inaosheka au inarudi hewani. Ukiyaacha juu bila kufukia inatoka taratibu zaidi, na sehemu za baridi watu wanahesabu robo tu. Nusu ya 120 ni 60 kwa hektari, ukigawa kwa ekari ni kama kilo 24. Yaani mfuko mmoja wa yuria kwa ekari. Basi. Mi huwa naweka miwili kwa ekari. Kwa hiyo mfuko wa mbegu umenifutia mfuko mmoja wa yuria, na ule wa pili bado nauhitaji.

Je hiyo ni ndogo? Mi naona ni kubwa sana kwa kitu kilichoota chenyewe shambani, nusu ya mbolea ya kukuzia sio mchezo. Ni ndogo tu ukiilinganisha na lebo.

Ila sikutaka kuamini kalamu tupu maana nilishaumia, kwa hiyo nikagawa shamba mistari minne. Mmoja mikunde bila yuria kabisa. Mmoja mikunde na mfuko mmoja kwa ekari. Mmoja mikunde na miwili. Na mmoja nilikuwa sijapanda mikunde, nikaupa yuria miwili kama ninavyofanya siku zote. Mpaka usawa wa kifua huoni tofauti yoyote, nikaanza kujiambia labda hata lebo ilikuwa sahihi. Afu mbelewele zilipokaribia, ule wa bila yuria ukaanza ile V yangu niliyoijua, majani mawili ya chini, matatu, manne. Sababu ni kwamba mahindi mwanzoni yanakula kidogo mno, mwezi wa kwanza ni kama yanaonja tu, ila kuanzia yakipita magoti mpaka yakitoa nywele yanakula kama hayana akili nzuri, kufika nywele yameshachukua karibu theluthi mbili ya yote yanayohitaji. Na kwa tani moja ya punje mmea mzima unataka kama kilo 20 hadi 25 za naitrojeni. Majani ya marejea yaliyofukiwa kwenye udongo wa joto wenye unyevu yanaachia nyingi ndani ya wiki nne mpaka sita za mwanzo, kwa hiyo mwanzoni mahindi yanaogelea, mwishoni ndo chungu kinakauka. Na kama ukifyeka mapema mno afu mvua kubwa ikapiga kabla mahindi hayajawa na mizizi, ile naitrojeni inashuka chini na mtaonana kwa picha.

Kuvuna sasa. Mstari wa mfuko mmoja na mstari wa mifuko miwili sikuweza kuvitofautisha kwa macho wala kwa mizani, ile yuria ya pili nilikuwa nailisha mvua tu. Mstari usio na mikunde wenye miwili ulikuwa palepale na hao. Ule wa bila yuria ulibaki nyuma, sio vibaya sana, lakini mahindi yalikuwa mafupi na ncha tupu. Kwa hiyo hesabu ya fremu ilinipa jibu sawa na shamba, na hiyo ndo siku nilipoacha kuwachukia hawa watu.

Msimu wa tatu ndo ulionifundisha kwamba jibu halihami na wewe. Mvua ilichelewa, marejea yakawa mafupi, fremu ikatoa gramu 220. Hesabu ileile: tani 2.2, kilo 66, nusu yake 33, kwa ekari kama kilo 13, yaani zaidi kidogo ya nusu mfuko wa yuria. Mbegu zilezile, mfuko uleule, lebo ileile ya kilo 200! Ningekata mfuko mzima wa yuria kwa kukariri msimu uliopita ningelia tena. Nikapunguza nusu mfuko, mahindi yakaenda vizuri. Na kwenye mwaka mkavu kuna kingine cha kuangalia, hii mimea inakunywa maji. Ukichelewa kuifyeka inakuachia udongo mkavu wa kupandia mahindi, na hindi lenye kiu hata ulipe mbolea ya dunia halifanyi kitu.

Mengine ya harakaharaka. Mbolea ya kupandia usiiguse kwa ajili ya hizi mbegu. Mikunde inaleta naitrojeni, fosforasi haiumbi, ile iliyokuwepo shambani ndo inazungushwa, tena udongo ukikosa fosforasi au ukiwa na asidi kali hata hivyo vinundu vyenyewe havitengenezi vizuri. Ambacho unapunguza ni yuria ya kukuzia, au CAN, ile mbolea nyingine ya naitrojeni. Na kama unatumia CAN sio yuria kumbuka ile ya asilimia 26 mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 13 tu, kwa hiyo ukisikia mtu anasema "nimepunguza mifuko miwili" muulize ya nini.

Kuota: mbegu za marejea na fiwi zimeota vizuri misimu yote, sijapata mbegu za magugu ndani, hapo nawapa nyota zote. Magugu kwenye mahindi yaliyofuata yalikuwa machache, palizi ya kwanza tulimaliza mapema mpaka vijana wakauliza kama ndo basi. Udongo unakatika vizuri kwa jembe, minyoo ipo. Mchanganyiko wa uwele nao sio takataka, ukiwa na shamba lililolishwa mbolea nyingi msimu uliopita na mvua zinakuja za nguvu, nyasi ndo wenyewe wa kudaka ile iliyobaki isioshwe, mikunde haifui dafu hapo. Ila ufyeke ungali mchanga, kabla ya masuke, sio kama mimi.

Wanauza na mukuna pia, nimejaribu kipande kidogo. Majani balaa, ila ni mtambaaji asiye na breki, nilipandikiza katikati ya mahindi mapema kidogo ikapanda juu ikafunga mabua matatu matatu kama mizigo. Ukitaka kuichanganya na mahindi subiri mahindi yatangulie wiki kadhaa, au ipe eneo lake. Na punje zake zina kemikali ya dawa ndani, usizichukulie kama maharage mengine.

Lawama yangu kubwa inabaki kwenye karatasi. Hao watu wana mtaalamu mzuri, wana mbegu safi, afu wanampa mchoraji aandike maelekezo. Waandike idadi ya mbegu sio uzito tu. Waandike "kata maua yanapoanza". Waweke hata mchoro wa fremu ya mita moja, nafasi ipo, waifute ile picha ya hindi. Na kile kipakiti cha bakteria wakisome kabla ya kukitumbukiza.

Atakayeuliza kama nitanunua tena, nimeshaagiza, marejea na fiwi bila uwele, na nimewaandikia kabisa kwenye oda "kipakiti cha kundi la kunde, SIO SOYA" kwa herufi kubwa. Ule mstari mmoja wa bila yuria naendelea kuuacha kila msimu pembeni ya njia, watu wakipita wanauliza mbona pale umesahau kuweka mbolea, nawaambia pale ndo ninaposomea lebo.